Vibuyu vya Kutundika Sebuleni Krismasi

Chagua vibuyu vidogo, vya ukubwa wa limau hadi chungwa. Tikisa kimoja kimoja: mbegu zikicheza ndani, kimekauka. Kilicho kizito na kimya kiache, maana kibichi huoza kwa ndani kisha kikabonyea, hata ukipake vanishi ya namna gani.

Loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa stilwaya mpaka ukungu utoke, anika kivulini siku mbili. Desemba Dodoma huwa na mvua, kwa hiyo anza mapema. Unyevu ukibaki, vanishi itabanduka.

Michoro huchomwa kwa msumari wa inchi 3 uliopashwa kwenye mkaa, ukiushika kwa koleo. Gusa, ondoa. Ukikawia, ganda linatoboka. Kwa msumari huohuo toboa matundu mawili karibu na kikonyo.

Paka vanishi nyembamba mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Ndipo upitishe uzi wa katani wa sentimita 25 na kutunga shanga. Zikitangulia, vanishi huziba vitundu vyake na uzi hukakamaa. Nyekundu, nyeupe na nyeusi zinatosha, rangi nyingi huficha michoro.

Tundika kwenye fimbo ya pazia au tawi kavu, mbali na mishumaa.