Mauntingi ya injini ikikatika kwenye lori la zamani: badili raba, kisha weka cheni

Mauntingi ya kizamani ni raba iliyogandishwa katikati ya vyuma viwili, kimoja kimefungwa kwenye injini na kingine kwenye chesisi. Kwenye magari mengi ya sasa vyuma hivyo vimepishana, kwa hiyo hata raba ikichanika injini haina pa kwenda. Kwenye magari mengi ya miaka ya 60 na 70 hakuna hicho. Kinachoizuia injini isinyanyuke ni gundi kati ya raba na chuma, basi.

Wenzetu Marekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Desemba 1971 kampuni ya General Motors ililazimika kurudisha gereji magari takriban milioni 6.7, Chevrolet za matoleo ya 1965 hadi 1970, zikiwemo pikapu. Raba ya mauntingi ilikuwa ikiachia, injini ya V8 inanyanyuka upande mmoja, na ikinyanyuka inavuta fimbo za akselereta, vile vyuma vinavyounganisha pedali na injini. Dereva ametoa mguu, gari ndiyo kwanza linaongeza mwendo. Tena mpira wa kuvuta hewa unaokwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, ungeweza kuchomoka wakati huohuo. Dawa waliyoitoa ilikuwa waya mfupi wa chuma wa kuifunga injini, ili raba ikikatika isipande juu.

Waya ule ndio ninaotaka kuuzungumzia. Huku Dar tuna kina Bedford, Land Rover ndefu na pikapu za Land Cruiser za zamani zinazobeba mchanga na matofali hadi leo, na nyingi zinatumia fimbo za akselereta, si kebo. Fundi akishabadili raba anaona kazi imekwisha. Mimi naona amefika nusu.

Hatua ya 1: Jua upande unaokatika

Injini nyingi za magari haya, ukizitazama kutoka mbele, zinazunguka kufuata mshale wa saa. Zikisukuma magurudumu kwa nguvu, bodi ya injini nayo inasukumwa kinyume. Matokeo yake upande wa kushoto wa gari unanyanyuka na wa kulia unakandamizwa. Ukiweka gia ya rivasi mambo yanageuka: kulia ndiko kunakonyanyuka. Kwa kuwa tunakwenda mbele kuliko tunavyorudi nyuma, mauntingi ya kushoto ndiyo hufa kwanza mara nyingi. Na ni gia namba moja inayoiua, kwa sababu giaboksi inazidisha nguvu ya injini mara kadhaa. Lori lililojaa likianza kupanda mlima wa Kimara kwenye foleni, ondoka-simama, ondoka-simama, linazichosha mauntingi kuliko safari ndefu ya Morogoro kwenye lami iliyonyooka.

Hatua ya 2: Tazama kabla hujagusa spana

Fungua boneti, washa tochi. Raba iliyovimba na kulainika imekula oili au dizeli. Raba iliyokauka na kupasuka imeunguzwa na joto, aghalabu la eksozi iliyo karibu. Angalia pia kama pangaboi la feni limekwaruza mfuniko wake, kama bomba la eksozi limepasuka karibu na manifodi, na kama fimbo ya gia inaruka unapoachia klachi. Mteja akiniambia "klachi inatetemeka wakati wa kuondoka", naanza na mauntingi kabla ya kushusha giaboksi. Nimeshaona watu wanauziwa klachi pleti mpya kwa ugonjwa wa raba.

Hatua ya 3: Jaribio la kuondoka

Hapa ndipo watu huumia, soma taratibu. Gari liwe sehemu tambarare, hendibreki juu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, hata utingo aliyezoea. Anayetazama akae pembeni, mikono na nguo mbali na feni.

Dereva akanyage breki kwa nguvu, aweke namba moja, aachie klachi kidogo tu mpaka injini ianze kulemewa, kisha akanyage klachi tena. Rudia kwa rivasi. Injini kutikisika kidogo ni kawaida, raba ipo kwa ajili hiyo. Ukiona raba inafunguka mdomo, au injini inapanda na kushuka kwa kishindo, mauntingi imekwisha. Kama huna dereva unayemwamini, zima gari, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa injini na chesisi, inua polepole. Raba iliyoachia itaonekana.

Hatua ya 4: Ziba kinachovuja kwanza

Raba ya asili na mafuta haviivani. Kama gasketi ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini) inavuja juu ya mauntingi, au mpira wa dizeli unadondosha, raba mpya haitakaa. Ziba, safisha, kausha, ndipo uendelee.

Hatua ya 5: Kununua

Gerezani na Kariakoo utapata aina tatu: mpya ya kiwandani, mpya ya bei ya kutupa, na ya mtumba. Ya bei ya kutupa igeuze uone raba inapokutana na chuma. Ukiingiza ukucha na pembe ikafunguka, irudishe. Ya mtumba ikiwa kavu na ngumu, usiichukue hata kama ina jina kubwa juu yake, raba inazeeka hata ikiwa rafuni.

Kuna pia raba za kukata kwenye tairi bovu, zinazobanwa na boliti moja ndefu inayopita katikati. Mafundi wengi wa mjini wanazidharau. Mimi sizipendi kwa sababu ni ngumu na kabini nzima inatetemeka, lakini zina sifa moja: boliti ile ikiwa nzima, injini haipandi. Kwa kulifikisha gari nyumbani zinafaa.

Kisichofaa kabisa ni kuchomelea injini moja kwa moja kwenye chesisi. Chesisi ya lori inajipinda kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Raba isipokuwepo ya kupokea ule mpindo, unapokelewa na masikio ya bloku (bodi ya injini), nayo ni chuma cha kalibu, hupasuka.

Hatua ya 6: Kufungua

Chomoa waya hasi wa betri. Tenganisha fimbo ya akselereta, legeza mfuniko wa feni, na chunguza hozi za rejeta, bomba la eksozi na waya zozote zitakazovutika injini ikipanda. Legeza pia mauntingi ya giaboksi nyuma, isije ikalazimishwa kupinda.

Injini uishike kwa cheni bloku (kapi ya cheni ya kunyanyulia) kutoka juu ukiweza. Kama una jeki tu, weka ubao mpana na mnene kati ya jeki na sampu (bakuli la oili chini ya injini), na uegemeze pembezoni, si katikati. Ukibonyeza sampu katikati unaweza kuifikia chujio ya kuvuta oili, na ikizibwa injini inakosa mafuta bila wewe kujua. Usiingize mkono wala kichwa chini ya injini iliyoshikwa na jeki peke yake.

Fungua upande mmoja, badilisha, ndipo uende upande wa pili. Inua kiasi cha kutoa mauntingi tu.

Hatua ya 7: Kufunga

Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza. Shusha injini, itikise ikae yenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, raba inakaa imepinda toka siku ya kwanza. Kitabu cha gari kikikosekana, boliti ya milimita 10 ya daraja 8.8 hukazwa karibu Nm 45 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na ya milimita 12 karibu Nm 80. Tumia nati za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, tena mpya.

Usisahau waya wa hasi unaounganisha injini na chesisi. Raba haipitishi umeme. Waya huo ukikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kebo ya akselereta au ya klachi. Inaungua ndani, inanata, unarudi kulekule kwa gari lisilotaka kupunguza mwendo.

Hatua ya 8: Cheni

Chukua cheni ya chuma ya milimita 8 au waya wa chuma wa unene huo wenye klipu mbili kila mwisho. Mwisho mmoja ufunge kwenye jicho la kunyanyulia injini au tundu lenye nyuzi la silinda hedi au bloku, upande wa kushoto. Mwisho mwingine ufunge kwenye chesisi kwa boliti inayopita na washa pana. Usifunge kwenye boliti za manifodi wala za sampu, hazikutengenezwa kwa kuvutwa.

Acha ulegevu wa milimita 15 hadi 20. Ikikazwa kabisa, kila mtetemo wa injini utahamia kwenye kabini na mteja atakuja kuikata mwenyewe. Ikilegea mno, injini itakuwa imeshavuta fimbo kabla cheni haijashika. Zungusha usukani mwisho kwa mwisho uone haigusi kitu, na iwe mbali na mkanda wa feni na eksozi. Kwa gari linalobeba mzigo mzito ninaweka na upande wa kulia, kwa ajili ya rivasi.

Hatua ya 9: Akselereta

Weka springi mbili za kurudisha, zisitegemeane, moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Ukiweza kubadili fimbo kuwa kebo, badili. Kebo inafuata injini inapocheza bila kuivuta akselereta.

Kisha rudia jaribio la hatua ya 3, tembeza gari na mzigo, na baada ya kilomita mia chache kaza tena nati zote. Magari ya Kigamboni na Mbagala yanayoshinda kwenye mchanga wa pwani, paka grisi boliti za cheni, chumvi inazila haraka.

Kabla hujakabidhi funguo, mweleze dereva afanye nini siku akselereta ikinata: akanyage klachi au atoe gia, akanyage breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, kwa sababu busta ikikosa mvuto wa hewa ina akiba ndogo na kila pampu inaimaliza. Gari likishapungua mwendo azime. Dizeli ya zamani inazimwa kwa kuvuta kitufe cha kuzimia, swichi haitoshi. Na kama usukani una kufuli, asigeuze ufunguo hadi mwisho wakati magurudumu bado yanazunguka.