Mizani ya zamani, kompyuta mpya: mambo ya kukamilisha kabla hujampigia muuzaji

Duka la jumla Ngamiani, Tanga, linaleta kompyuta mpya yenye Windows 11, mizani iliyokuwa ikipiga kazi vizuri inagoma kupeleka uzito kwenye programu ya mauzo, na kutupiana mpira kunaanza. Aliyeuza kompyuta anasema mizani imechoka. Wa mizani anasema lawama ni za Windows. Wa programu, yuko Dar, anaomba aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, anamaliza bando lako, kisha hapokei tena simu.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja anakiona kipande chake tu, na ukimwambia "haifanyi kazi" umempa mlango wa kutokea. Mfikie ukiwa umeshajua ni kipande gani kimegoma.

Anza na kutu. Tanga hewa ina chumvi, na ukiwa karibu na bahari pini za matundu huota ukungu wa kijani. Zima vyombo vyote, chomoa umeme, safisha pini kwa mswaki safi uliochovywa kidogo kwenye spiriti ya isopropili, uache dakika 10 zikauke. Swali la kwanza la huduma kwa wateja litakuwa hilo hilo, kwa hiyo liondoe mapema.

Soma kompyuta inasema nini

Bofya kitufe cha Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager. Kifaa chenye alama ya njano kibofye mara mbili, usome namba ya kosa. Code 28 maana yake draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, haijawekwa kabisa. Code 10, draiva ipo lakini kifaa hakiwezi kuanza. Code 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na hapo waya mbovu au umeme dhaifu wa tundu la USB ni washukiwa wa kwanza. Code 52, draiva haina saini ya kidijitali inayokubalika.

Kisha, kwenye dirisha hilo hilo, fungua Details, chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama USB\VID_067B&PID_2303. Namba hiyo ni muhimu kuliko jina lililochapwa kwenye boksi, kwa sababu VID ni ya mtengenezaji wa chipu na PID ni ya chipu yenyewe. Inakili ilivyo.

Kumbuka pia kwamba Windows 11 haina toleo la biti 32. Draiva iliyoandikwa kwa biti 32 peke yake haitaingia, uibembeleze usiibembeleze. Ukiona duka zima limehama ghafla, sababu ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Waya wa USB kwenda seriali

Hapa ndipo kesi nyingi za mizani na printa za risiti zinapoishia. Kompyuta mpya haina tundu la seriali, lile la zamani la pini 9, hivyo watu hununua waya wa kubadilisha. Ndani yake mna chipu, na chipu ndiyo yenye ugomvi.

VID_067B na PID_2303 ni PL2303 ya Prolific. Matoleo yake ya zamani, pamoja na nakala bandia zilizojaa madukani, yamekataliwa na draiva mpya. Kwenye Device Manager utakuta maneno kama PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER. Hiyo si hitilafu ya mizani wala ya programu, kwa hiyo usiwasumbue hao wawili. Unaweza kurudisha draiva ya zamani kupitia Update driver, halafu Browse my computer, halafu Let me pick, ukachagua yenye tarehe ya nyuma. Itafanya kazi hadi siku Windows Update itakapoibadilisha tena. Afadhali ununue waya mwingine: wa CH340, VID_1A86 na PID_7523, ni wa bei nafuu na unatosha kwa mizani, wa FTDI, VID_0403 na PID_6001, ni imara zaidi, ila jihadhari na bandia. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliwahi kuzigeuza PID za chipu bandia kuwa 0000, na vifaa vya watu vikazimika wakati wao hawana habari.

Sasa thibitisha. Chomoa mizani, acha waya kwenye kompyuta. Upande wa pini, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande kifupi cha waya. Ukizitazama pini uso kwa uso, safu ya pini 5 ikiwa juu, hesabu kutoka kushoto. Fungua PuTTY, programu ya bure ya kuongea na tundu la seriali, chagua Serial, andika namba ya COM (namba ya tundu) uliyoiona kwenye Device Manager, kasi 9600, fungua. Andika herufi. Zikijitokeza kwenye skrini, waya, chipu na draiva ni vizima, na mzigo sasa ni wa mizani au wa programu. Zisipojitokeza, usimpigie mtu wa mizani.

Herufi zikirudi, toa kile kipande cha waya na urudishe mizani. Ikiwa bado kimya, angalia mambo mawili. Programu nyingi za zamani huona COM1 hadi COM4 tu, na Windows huweza kukupa COM7. Badilisha kwenye Device Manager: bofya tundu hilo mara mbili, Port Settings, kisha Advanced. Halafu linganisha kasi, biti na pariti (alama ya kukagua makosa) na kitabu cha mizani. Uzito ukija kama alama zisizosomeka, karibu kila mara kasi ndiyo hailingani.

Printa, kwa ufupi

Uliza lugha yake. HP LaserJet P2055dn inaelewa PCL na PostScript, lugha za printa zinazotumika na wengi, hivyo draiva ya jumla ya HP inaipokea. Canon LBP2900 inatumia CAPT, lugha ya Canon wenyewe, na draiva ya jumla haitaisaidia kitu. Laptopu mpya ikikataa kufungua faili lolote la kusakinisha, angalia kama iko S mode, hali ya Windows inayokubali programu za Microsoft Store tu. Kutoka ni bure, lakini hakuna kurudi.

Ujumbe wa kutuma

Simu hupotea hewani, andika. Mfano:

"Habari za kazi. Tulinunua kwenu waya wa USB kwenda seriali, risiti ya EFD tumeambatanisha. Kompyuta ni Windows 11 biti 64. Device Manager inaonyesha Code 10, VID_067B&PID_2303. Jaribio la pini 2 na 3 limeshindwa kwenye kompyuta mbili. Je, mna draiva inayokubali chipu hii kwenye Windows 11, ndiyo au hapana? Kama hapana, tunaomba mbadilishe."

Swali la ndiyo au hapana ndilo linalowabana. Ukiuliza "nifanyeje", utajibiwa uzime na kuwasha.

Kwa manunuzi yajayo, mwambie muuzaji aandike kwenye profoma: "kwa matumizi na mizani aina fulani, Windows 11". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Bila maandishi ni neno lako dhidi ya lake, na kusafirisha mzigo kwa basi hadi Dar na kurudi ni gharama yako.

Mtengenezaji akijibu hapana, usipoteze wiki. Bakiza kompyuta ya zamani kwa ajili ya mizani tu, uikate intaneti. Kabla haijafa, tengeneza folda D:\draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike pnputil /export-driver * D:\draiva. Draiva zote zilizoongezwa zitanakiliwa humo. Ziweke kwenye flashi mbili, moja isikae dukani.