Somo: Ruhusa za kutafuta kabla ya kurudisha tuta la mchanga mbele ya nyumba ya Kalemie

Ndugu na dada, salamu kutoka Lubumbashi.

Tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, na tena 2024, watu wengi wa hapa wenye nyumba au parsele (kiwanja) Kalemie, mji ulio kando ya ziwa hilo, wananiuliza jambo lilelile. Tuta la mchanga lililokuwa mbele ya ukuta limeliwa, msingi unaonekana, na wao wanataka kujua lini wanaweza kumwaga mchanga mpya. Jibu langu ni kwamba mchanga unakuja mwisho. Sehemu lile tuta linaposimama mara nyingi si yako, hata kama umelitazama miaka yote kutoka barazani. Mambo mengine yote ya somo hili yanatoka hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya tuta. Wimbi kali likija linakula mchanga wa tuta badala ya kula msingi, na ziwa likitulia sehemu ya mchanga ule inarudi ufukweni. Ukuta wa beto (zege) hauna tabia hiyo. Wimbi linaugonga, linateremka na kuchimba mguuni pake, na jirani asiye na ukuta anazidi kuliwa. Ndiyo maana ninawasihi watu wafikirie mchanga na majani kabla ya simenti, na ndiyo maana pia serikali ina haki ya kukuuliza unataka kufanya nini pale.

Hatua ya 1: Jua parsele yako inaishia wapi

Toa sertifika yako, yaani hati ya parsele, na karatasi ya upimaji inayoonyesha mawe ya mpaka. Usitegemee kumbukumbu ya baba mkwe wala ua wa mianzi.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa konsesio, yaani haki ya kuutumia. Kitanda cha ziwa chenyewe ni eneo la umma, na hakuna anayeweza kukuuzia. Sasa hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kitanda hicho hakiishii pale maji yalipogusa siku uliyokwenda kutembea. Kinafika hadi kwenye mstari ambao maji hupanda kwa kawaida kila mwaka. Tanganyika hujaa mpaka Aprili au Mei, halafu hushuka mpaka Oktoba au Novemba. Anayepima mwezi wa Oktoba ataona ufukwe mpana na kufikiri wote ni wake, na mwezi wa Mei maji yatamsahihisha.

Kwa hiyo mwite mpimaji wa kadasta, yaani ofisi ya upimaji wa ardhi, akuonyeshe vitu viwili kwenye mchoro mmoja: mawe yako ya mpaka, na mstari wa maji ya juu ya kawaida. Mtu yeyote akikutajia mita kadhaa za kuacha kutoka majini, mwombe aziandike kwenye PV (ripoti rasmi yenye saini), pamoja na jina la sheria anayoitumia. Maneno ya mdomo hayatakulinda siku mtumishi huyo akihamishwa.

Hatua ya 2: Peleka barua ofisi inayohusika, na ofisi hiyo iko Kalemie

Kabla ya 2015 sote tulikuwa Katanga moja, na mambo mengi yalimalizikia hapa Lubumbashi. Tangu mkoa ulipogawanywa sehemu nne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, faili la Kalemie linafunguliwa Kalemie. Bado naona watu wakizunguka maofisi ya hapa mjini na bahasha mkononi, wakipoteza wakati na pesa. Kama hati yako ni ya zamani na ina jina la Katanga, mwombe konservatere wa hati za ardhi kule ahakikishe kwamba bado iko kwenye vitabu vyake.

Andika barua moja kwa meya wa mji, nakala kwa komini yako (ofisi ya sehemu yako ya mji), kwa Urbanisme (ofisi ya mipango miji), kwa Kadasta na kwa Kordinasio ya Mazingira ya mkoa. Eleza tuta lilikuwa wapi, limebaki nini, unataka kuweka mchanga kiasi gani, na urefu gani wa ufukwe. Weka picha zenye tarehe. Omba waje kutazama pamoja siku moja, na ziara hiyo iandikiwe PV. Kila nakala unayoacha, rudi na yako yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama reli au bandari iko karibu na parsele, SNCC, shirika la reli la taifa, nao wapelekewe barua. Tuta lako likisukuma maji kuelekea reli, hiyo si habari ya jirani tu.

Hatua ya 3: Mazingira

Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011, kwenye kifungu cha 21, inataka mradi wowote unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, pamoja na mpango wa kuzisimamia. Dekreti namba 14/019 ya 2 Agosti 2014 inaeleza namna ya kuufanya, na anayepitia faili ni Shirika la Mazingira la Kongo, ambalo wote wanaliita ACE.

Ushauri wangu: usimlipe mtaalamu kabla ya kuwauliza ACE kwa barua kazi yako iko katika ngazi gani. Kumwaga mchanga mbele ya nyumba moja na kupanda ukoka si sawa na kujaza ufukwe mrefu kwa mashine. Jibu lao la maandishi ndilo litakalokuambia kama unadaiwa uchunguzi kamili au karatasi nyepesi zaidi.

Kwa nini ukali huu wote kwa mchanga? Tazama Lukuga. Ni mto mmoja tu unaotoa maji ya Tanganyika, na mdomo wake uko palepale Kalemie. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mchanga, matope na matete, na ziwa lilikuwa limejaa. Miaka michache baadaye kizuizi kilibomoka, maji yakaondoka kwa nguvu na ziwa likashuka mita nyingi. Mchanga unatembea pamoja na mawimbi. Anayeuhamisha ovyo karibu na mdomo ule anagusa kiwango cha maji cha Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Nchi hizo nne zilisaini mkataba wa kulilinda ziwa huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na uchunguzi wa athari ni mmoja wa wajibu uliomo.

Hapa nasema wazi ninachokiamini: msiende mmojammoja. Nyumba tano au sita zinazofuatana zifungue faili moja. Mchanga haujui mawe ya mpaka. Tuta la mita ishirini katikati ya ufukwe ulioliwa litazungukwa na maji pande zote mbili. Faili moja pia linamaanisha uchunguzi mmoja, ziara moja na sauti moja mbele ya ofisi.

Hatua ya 4: Mchanga unatoka wapi

Si mbele ya nyumba yako. Si mbele ya nyumba ya jirani. Si kwenye mdomo wa mto. Ukichota ufukweni ili kujenga tuta, umeondoa mguu ili kutengeneza goti.

Mchanga wa kujengea uko chini ya Code minier, yaani sheria ya madini namba 007/2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, kwa sababu machimbo yote yamo humo. Nunua kwa mtu mwenye ruhusa ya machimbo, na chukua nakala ya ruhusa yake pamoja na faktura. Halafu linganisha chembe: mchanga mpya uwe na chembe kubwa kama za ule wa ufukwe au kubwa kidogo zaidi. Mchanga laini sana unaondoka na upepo na wimbi la kwanza. Mchanga wenye udongo mwekundu unachafua maji na kugeuka matope.

Hatua ya 5: Kama kuna kitu kigumu

Ngazi, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), ukuta mdogo, hata nguzo za beto: hivyo vinadai ruhusa ya kujenga, ambayo utaratibu wake uko kwenye uamuzi wa waziri wa 26 Juni 2013. Arkitekti achore. Kinachovuka mpaka wako kuingia eneo la umma kinadai ruhusa nyingine ya kukalia eneo hilo, na ruhusa ya namna hiyo ni ya muda. Serikali inaweza kuiondoa. Usiweke juu yake kitu usichoweza kukivunja.

Hatua ya 6: Kulipa

Kila taksi, yaani kodi au ada ya serikali, ina noti yake ya malipo. Unalipa benki, unaleta risiti. Pesa ya mkononi hailipi taksi yoyote, hata mwenye kuiomba akiwa amevaa badji.

Hatua ya 7: Wakati wa kazi

Mwaga mchanga maji yakiwa yameshuka, kuanzia Agosti hivi mpaka Oktoba. Simamisha ua wa matete makavu kukamata mchanga unaopeperushwa. Mvua za kwanza zikianza, panda ukoka na uzuie mbuzi na watu kukanyaga. Acha njia moja ya kupita, na uipinde kidogo ili upepo na maji visipate mlango ulionyooka. Nakala za ruhusa zikae pale kazini, kwa sababu mkaguzi hatakusubiri uzitafute Lubumbashi.

MASWALI YA WANACHAMA (wa komini za Lubumbashi)

Mwanachama wa Katuba: Mukubwa, niko na nyumba Kalemie na maji yamefika kwenye baraza. Nikingoja karatasi zote hizi, nyumba inaanguka. Naweza kuweka magunia?

Jibu: Weka magunia ndani ya mipaka yako, yale yanayoweza kuondolewa, na uyajaze mchanga wa kununua. Siku hiyohiyo piga picha na upeleke barua komini kusema umefanya nini na kwa nini. Magunia ni ya kuvusha msimu tu. Faili la tuta lianze sasa, usingoje maji yashuke uje usahau.

Mama wa Kampemba: Baba, mbele yetu wavuvi wanaanika ndagala juu ya mchanga. Shemeji anasema ni wavamizi, tuwafukuze kwanza ndiyo tujenge tuta. Ni hivyo?

Jibu: Hapana, mama. Pale wanapoanika huenda ni eneo la umma, na wao wana sababu ya kuwa pale kama wewe. Sheria ya mazingira inataka wananchi waulizwe, na wao ndio wa kwanza kuulizwa. Kaeni nao mapema, pangeni sehemu ya mitumbwi na ya kuanikia, kisha tuta lichorwe likiepuka sehemu hiyo. Tena watakusaidia: wanajua mchanga unakimbilia upande gani kila msimu kuliko mtaalamu yeyote atakayekuja na begi.

Mwanachama wa Ruashi: Mdogo wangu yuko Florida, Marekani. Anasema huko mtu hamwagi mchanga hovyo hata kwenye nyumba yake mwenyewe. Ni kweli au anajisifu?

Jibu: Ni kweli. Jimbo la Florida limechora mstari wa udhibiti wa ujenzi kwenye fukwe zake za bahari, na anayejenga au kuchimba upande wa bahari wa mstari huo anatafuta ruhusa ya jimbo. Mchanga wa kuongeza lazima ufanane na wa ufukwe, majani fulani ya kwenye matuta yanalindwa na sheria yasing'olewe, na msimu wa kasa kutaga kuna kazi zinazosimamishwa. Kwenye Tanganyika hakuna kasa wa bahari wala kimbunga, na sheria zao si zetu. Lakini wazo la mchanga unaofanana, lichukueni kama lilivyo.

Mwanachama wa Kamalondo: Jirani alijenga ukuta bila karatasi, na tangu hapo ufukwe wangu unakwisha. Nimshitaki?

Jibu: Anza na ushahidi. Omba Kadasta na Kordinasio ya Mazingira waje kutazama, waandike PV yenye vipimo na picha. PV hiyo mpelekee jirani na umpe nafasi ya kuingia kwenye faili la pamoja. Mara nyingi ukuta wake nao umeshaanza kuchimbwa chini, na yeye anajua. Akikataa, PV ileile ndiyo utakayoanza nayo kwa meya, na baadaye kwa mwanasheria.

Mwanachama wa komini ya Kenya: Mukubwa, karatasi zote ni za Kifaransa, na wazee wetu wa kule ufukweni hawakisomi. Wanasaini tu.

Jibu: Barua za ofisi ziende kwa Kifaransa. Mkutano na wananchi ufanyike kwa Kiswahili, na kabla mtu yeyote hajaweka kidole, PV isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Mwandishi aongeze mstari chini kusema kwamba imesomwa hivyo, na mzee atakayekataa kipengele fulani, kukataa kwake kuandikwe pia.