Jipime meno kwa vipimo vya jeshi, kuanzia enzi za baruti mpaka leo

Watu wengi wakisikia jeshi linakagua meno wanadhani wanataka vijana wa kupendeza kwenye gwaride. Wapi! Jeshi linataka kujua vitu viwili tu, utakula wanachokupa na hutawaharibia kazi kwa jino kuuma ukiwa mbali na hospitali. Sasa chukua kioo, washa tochi ya simu, nawa mikono tuanze.

Kipimo cha kwanza ni cha vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865. Bunduki za wakati ule risasi na baruti zilikuwa zinafungwa pamoja kwenye karatasi, askari anaing'ata, anaichana kwa meno, anamimina baruti kwenye mtutu, kwahiyo kama huna meno ya mbele juu na chini yanayokutana hufai kwa bunduki hata uwe na mwili wa pande la mtu. Chukua bahasha ya kaki, ikunje mara mbili, ing'ate na meno ya mbele halafu vuta kwa mkono. Ikichanika umepita. Ikiteleza, au ukajikuta unaisogeza pembeni kwenye chonge, basi meno yako ya mbele hayakutani vizuri, weka akilini ukamuulize daktari.

Cha pili ni kutafuna. Waingereza walipoenda kupigana na Makaburu Afrika Kusini, 1899 mpaka 1902, msosi ulikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu kama tofali, na wanajeshi kibao walikuwa na meno yaliyooza, hawawezi kutafuna, wanarudishwa nyuma wakati hata risasi haijawagusa. Jeshi halikuwa na daktari wa meno! Daktari wa meno Frederick Newland-Pedley wa hospitali ya Guy's kule London aliamua kwenda mwenyewe mwaka 1900 kuwatibu, na ungedhani wangejifunza hapo, ila 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, wakaingia Ufaransa hivohivo mikono mitupu, mpaka jenerali Douglas Haig jino likamuuma katikati ya mapigano ya mto Aisne ikabidi aitiwe daktari kutoka Paris. Mkubwa alipoumwa ndo mambo yakaenda mbio, kabla mwaka haujaisha madaktari wa meno wakaanza kutumwa kule, na 1921 Uingereza ikaunda kikosi kamili cha meno. Marekani walishaunda chao 1911.

Kujipima: tafuna mahindi ya kuchoma yaliyopoa, upande wa kulia kwanza halafu kushoto. Upande unaoukwepa bila kujua ndo wenye shida.

Fizi nazo usizisahau. Kwenye mahandaki ya vita ya kwanza ya dunia askari walipata ugonjwa wa fizi kuoza, zinauma, zinatoa damu, mdomo unanuka vibaya, maana mtu hapigi mswaki, hali vizuri, halali, anavuta sigara mfululizo na roho iko juu muda wote. Piga mswaki taratibu uteme kwenye sinki jeupe, ukiona damu leo na kesho na keshokutwa usiache mswaki, nenda ukasafishwe.

Hapa sasa kwenye kuhesabu ndo patamu. Mwaka 1940 Marekani waliweka kiwango cha chini: magego matatu juu yanayokutana na matatu chini, na meno ya mbele matatu juu na matatu chini, jumla 12 tu. Chonge inahesabiwa na ya mbele. Uma meno kawaida, vuta shavu kwa kidole, hesabu yanayogusana. Rahisi eti? Mpaka Wajapani wanawashambulia kwenye kituo chao cha majini cha Pearl Harbor, Desemba 1941, meno yalikuwa sababu namba moja ya kukataliwa, na 1942 ikabidi walegeze, hata kibogoyo akachukuliwa alimradi anaweza kuvaa meno ya bandia.

Siku hizi majeshi ya Marekani na wenzao wa NATO hawahesabu tu, wanakuweka kwenye daraja:

1: huhitaji tiba yoyote
2: kuna cha kutibu ila hakitakulaza ndani ya miezi 12
3: jino linaweza kulipuka ndani ya miezi 12
4: hujakaguliwa zaidi ya mwaka, hivo hakuna anayejua

Daraja la 1 na 2 unapelekwa kazini, 3 na 4 unabaki mpaka utibiwe au ukaguliwe. Wengi wetu tuko la 4 na tunajiona wazima.

Kutoka humo nenda ukakaguliwe hata kama hakuna kinachouma, mwambie daktari upande unaoukwepa na damu kama umeiona, muulize lipi halivumilii mwaka, anza na hilo. Kama hela haitoshi kuziba yote usiruhusu wang'oe gego linalozibika eti kwa sababu kung'oa ni bei rahisi. Na kama una mpango wa kwenda kuomba jeshi, matibabu yafanye miezi kadhaa kabla ya usaili, kidonda cha jino lililong'olewa kinataka muda kupona.