Kabla ya kwaya kuimba pamoja: ushauri wa mhazini kutoka Tulsa

Kila mwaka Mei, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji ya 1921, ikikaribia, makanisa ya Wazungu hapa Tulsa, Oklahoma, huanza kupiga simu kwa makanisa ya watu weusi ya Greenwood. Wanataka ibada ya pamoja, kwaya mbili, wachungaji wawili washikane mikono huku kamera zikipiga. Sina ugomvi na kwaya. Ila mimi ni mhazini, na nimekaa kwenye kamati ya pamoja kati ya kanisa letu, ambalo lina Wazungu wengi na sisi Waafrika Mashariki wachache, na kanisa moja la Wamarekani weusi kaskazini mwa mji. Waswahili wengi Marekani siku hizi wanaombwa kuingia kamati za namna hii, ndiyo maana naandika. Mpangilio wangu ni huu: kabati la kumbukumbu kwanza, bajeti ya pili, kwaya mwishoni.

Kwa asiyejua kisa chenyewe: tarehe 30 Mei 1921 kijana mweusi aliyekuwa mng'arisha viatu, Dick Rowland, aliingia kwenye lifti ya jengo la Drexel iliyoendeshwa na msichana wa Kizungu, Sarah Page. Msichana akapiga kelele. Kesho yake Rowland akakamatwa, gazeti la Tulsa Tribune likaiandika habari kama shambulio, na jioni umati wa Wazungu ukajaa nje ya mahakama. Kufikia mchana wa Juni 1, Greenwood, mtaa wa watu weusi wenye maduka, hoteli, sinema na ofisi za mawakili na madaktari, ulikuwa majivu, umechomwa na Wazungu. Bloku 35, nyumba zaidi ya 1,200. Makadirio ya waliouawa yanafika 300. Hakuna Mzungu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuua wala kwa kuchoma.

Sasa kabati. Kabla hujamwandikia mchungaji wa upande wa pili hata mstari mmoja, jueni ninyi wenyewe mlikuwa wapi. Kama kanisa lenu lilikuwepo 1921, tafuteni muhtasari wa vikao vya wazee vya Juni na Julai, karatasi za matangazo za Jumapili ya Juni 5, daftari la washirika na vitabu vya fedha. Someni mkiwa na maswali mkononi. Nini kilihubiriwa? Nani kati ya washirika alikuwa polisi, diwani, wakala wa bima, mfanyabiashara wa ardhi? Kuna senti iliyokwenda kwa Msalaba Mwekundu, uliokuwa ukilisha watu mahemani? Na kama muhtasari wa Juni unajadili paa linalovuja na hausemi lolote juu ya moshi uliokuwa ukionekana mji mzima, nakilini hivyo hivyo, pamoja na hilo paa.

Mkimaliza kabati, nendeni maktaba. Ukisoma Tribune ya Mei 31 kwenye mikrofilamu, yaani picha za kurasa za gazeti, utakutana na pengo: habari ya ukurasa wa mbele imechanwa, na sehemu kubwa ya ukurasa wa maoni haipo. Mtu aliikata kabla gazeti halijapigwa picha. Mpelekeni kila mjumbe akalione pengo lile kwa macho yake. Kwa uzoefu wangu linanyamazisha mabishano kuliko hotuba yoyote.

Mimbari nazo ziliacha alama. Jumapili ile ya Juni 5, askofu Edwin Mouzon wa Wamethodisti wa Kusini alihubiri katika kanisa la Boston Avenue, akawatupia lawama watu weusi na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi aliyepigania haki za weusi, aliyekuwa amepita Tulsa miezi michache kabla. Upande mwingine, First Presbyterian na kanisa kuu la Kikatoliki la Holy Family zilihifadhi wakimbizi. Mtapata wajumbe wanaotaka kusimulia habari ya milango iliyofunguliwa tu. Isimulieni, lakini iwe ukurasa mmoja na ile ya mimbari.

Kama kanisa lenu ni changa, msijione mmepona. Ulizeni kiwanja kilinunuliwa kwa nani na kwa nini mlijenga kusini mwa mji, upande wa Wazungu.

Kisha tembeleeni. Chagueni Jumapili ya kawaida, Oktoba au Februari. Mwisho wa Mei acheni, maana Greenwood siku hizo inajaa wageni na mama wa jikoni hawana nafasi ya kupumua. Keti, imba, toa sadaka, salimia, nenda nyumbani. Usiombe kipaza sauti. Usimsogelee bibi wa miaka themanini ukamwomba akusimulie jinsi babu yake alivyopoteza nyumba. Akitaka atakuambia, na huenda ikawa baada ya miaka.

Fedha ndiyo sehemu ninayoijua, kwa hiyo mnivumilie. Chukueni mfano wa Mount Zion Baptist. Jengo lao jipya liliwekwa wakfu Aprili 1921 wakiwa na deni la dola 50,000. Halijafika hata miezi miwili likachomwa. Bima nyingi za Greenwood ziligoma kulipa kwa kifungu kilichoondoa hasara za ghasia. Washirika wangeweza kuliacha deni life na jengo, wakaamua kulilipa. Walimaliza 1942, na jengo la sasa likakamilika 1952. Miaka mingi kati ya hiyo walisali kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mimi nilichukua kalamu nikaandika miaka 1921 hadi 1952 upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia nikaandika kanisa letu lilijenga nini miaka hiyo hiyo: ukumbi, kinanda, nyumba ya mchungaji. Karatasi hiyo ilipozungushwa mezani hakuna aliyeuliza tena kwa nini tuzungumzie pesa. Tengenezeni ya kwenu.

Halafu wekeni fungu ndani ya bajeti ya mwaka, si kikapu cha Mei. Kikapu kinategemea hali ya moyo; fungu la bajeti linabidi lipigiwe kura ili lifutwe, na anayetaka lifutwe atasimama hadharani. Anayeamua fedha zitumike vipi awe mtu wa Greenwood. Mahakama Kuu ya Oklahoma ilitupilia mbali kesi ya manusura waliodai fidia Juni 2024, na mwaka uliofuata meya Monroe Nichols, meya wa kwanza mweusi wa Tulsa, akatangaza mpango wa mfuko wa dola milioni 105 zitakazochangwa na wafadhili binafsi, ikiwemo milioni 24 kwa ajili ya makazi na kumiliki nyumba. Kwa hiyo hamhitaji kubuni mradi wenu wenye nembo yenu. Ulizeni pengo liko wapi.

Baada ya hapo ndipo mwandike tamko la toba. Rasimu ya kwanza, nawaahidi, itasomeka hivi: "Tunahuzunishwa na maumivu yaliyoukumba mji wetu." Ukiisoma utadhani kilipita kimbunga. Irudisheni. Rasimu inayofaa hutaja nani alifanya nini: "Juni 5, 1921, mchungaji wetu aliwalaumu watu wa Greenwood kutoka mimbari hii. Mshirika wetu aliyekuwa wakala wa bima alikataa madai yao. Kanisa hili halikumhoji. Kuanzia bajeti ya mwaka huu tutatoa kiasi hiki, kila mwaka." Jazeni mliyoyakuta kabatini, na msiongeze msichokikuta. Isomwe kwanza kwenu, Jumapili ambayo hakuna mgeni.

Kuhusu kuabudu pamoja nitasema machache. Kanisa la All Souls Unitarian lilianzishwa kwa mchango wa Richard Lloyd Jones, mwenye gazeti lile lile la Tribune. Mwaka 2008 lilipokea washirika wa Carlton Pearson, mhubiri mweusi aliyetoka Upentekoste, na ibada yao moja ikabadilika muziki na mtindo. Wenyeji ndio waliobadili ratiba ya nyumbani kwao. Kama mpango wenu unawataka weusi waje kwenu saa zenu na nyimbo zenu, huo ni mwaliko wa chakula cha mchana.

Makaburi yanahitaji tahadhari ya peke yake. Uchimbaji wa kuwatafuta waliouawa 1921 kwenye makaburi ya Oaklawn ulianza 2020, na 2024 vinasaba vilimtambua C.L. Daniel, askari mstaafu wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini miili ilipozikwa tena Julai 2021, baadhi ya wazao walikuwa nje ya uzio wakipinga. Kanisa linaweza kutoa ukumbi familia zikaelezwa habari za kupima vinasaba. Kuwasukuma wakubali si kazi yetu, na ratiba ya mazishi ni ya familia.

Sisi Waswahili sasa. Tutaombwa kuwa daraja, maana ngozi yetu ni nyeusi na hatuna babu aliyechomewa nyumba hapa. Kuna ndugu Mzungu, mtu mwema kabisa, atakugeukia kikaoni akuulize je, kwenu Afrika hamjasamehe wakoloni? Usimpe jibu analolitaka. Mwambie hiyo ni hesabu ya nyumba nyingine. Na nyumbani kwetu pia tunao wajomba wanaosema hao Wamarekani weusi wamezidi kulalamika. Hao ni kazi yako wewe, si ya kamati.

La mwisho ni la kiofisi. Wachungaji wa Methodist na wa AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, hupangiwa vituo na maaskofu, na makubaliano mengi huhama nao. Msitegemee urafiki wa watu wawili. Makubaliano yapitishwe na mabaraza yote mawili, yaandikwe kwenye mihutasari yao, na faili likae kwa katibu likiwa na nakala za kabatini, tamko, fungu la bajeti na tarehe ya kikao kijacho. Mchungaji mpya akiripoti, apewe faili hilo wiki ya kwanza, pamoja na funguo za ofisi.