Kutoka GNS 430 hadi GTN 650Xi: namna ya kuizoea skrini ya mguso kwenye Cessna

GNS 430, kifaa cha Garmin cha redio na urambazaji kinachowekwa kwenye paneli ya ndege, iliingia sokoni mwaka 1998, na rubani aliyejifunzia nayo vidole vyake vinajua kazi moja: zungusha nobu, bonyeza, zungusha tena. Mrithi wake mwenye skrini ya mguso, GTN 650, alikuja 2011, toleo la Xi likafuata 2020. Ukikaa nayo mezani utaielewa kwa nusu saa, na hapo ndipo watu wanapoidharau. Ugumu wake hujitokeza saa nane mchana juu ya Bonde la Ufa, ndege inarushwarushwa, kidole kinalenga "Enter" kinagusa herufi ya jirani, na macho hayajatoka nje kwa muda mrefu kuliko ulivyodhani.

Kwa hiyo usihangaike kujua kila ukurasa. Chagua kazi sita, kila moja iwe na njia moja tu ya kuifanya, kisha uzirudie mpaka zikukae mkononi: kubadili masafa ya redio, kwenda moja kwa moja hadi kituo fulani, kuandika na kurekebisha mpango wa safari, kutafuta kiwanja cha karibu, kupakia utaratibu wa kutua kwa vifaa, na kurudi kwenye ramani ukipotea ndani ya kurasa. Mengine utayaokota njiani.

Hatua ya 1: Soma karatasi za ndege hiyo hiyo

Baada ya karakana kufunga kifaa, ndani ya kitabu cha ndege lazima kuwe na nyongeza inayohusu GTN, pamoja na hesabu mpya ya uzito na mizani na orodha mpya ya vifaa. Kama hazipo, ndege haijawa tayari kuruka, hata skrini iwe inang'aa namna gani.

Isome nyongeza hiyo kwa maswali. Je, otopailoti imeunganishwa na GTN? Maonyo ya ardhi yamewashwa? Smart Glide, msaada wa kutua injini ikizimika, ipo? Ndege mbili za klabu moja zenye skrini zinazofanana zinaweza kuwa zimepangwa tofauti kabisa, na nje hutaona tofauti yoyote.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi kwenye kompyuta

Garmin hutoa bure programu ya mazoezi ya GTN. Weka ndege ya kuigiza kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi (msimbo wake ni HKNW), kisha zifanye kazi zako sita kwa mpangilio uleule kila siku kwa wiki moja. Taja kwa sauti unachogusa: "Direct-To, andika, Enter, Activate." Sauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha unaporuka hatua. Kosa la kawaida kabisa hapa ni kuandika kituo na kubonyeza Enter, halafu kusahau Activate. Skrini inaonyesha jina sahihi, ila ndege bado inafuata mstari wa zamani.

Hatua ya 3: Kaa kwenye ndege, injini ikiwa imezimwa

Tumia umeme wa nje, si betri. Vifaa vya redio vikikaa vimewashwa, betri hudhoofika kimyakimya, nawe utagundua ukijaribu kuwasha injini. Hakikisha pia volti zinalingana: Cessna 172 za zamani hutumia mfumo wa volti 12 na matoleo mapya volti 24. Ukimaliza mazoezi, zima swichi ya vifaa vya redio kabla ya kuwasha injini.

Sogeza kiti mpaka pale unapokaa ukiruka, funga mkanda na wa begani pia. Watu wengi hufanya mazoezi haya wakiwa wameinamia paneli, halafu angani wanagundua kuwa mkono unafika kwa shida.

Sasa tafuta mahali pa kuegemeza mkono. GTN ina kingo pembeni mwa skrini kwa kazi hiyo. Shika ukingo kwa vidole, kisha gusa kwa kidole gumba au cha shahada. Kiganja kikielea hewani, kila mtikisiko wa ndege unaishia kwenye ncha ya kidole. Mkono ulioegemea hutikisika pamoja na ndege, kwa hiyo shabaha haikimbii.

Gawa pia kazi kati ya kidole na nobu. Masafa ya redio yabadilishe kwa nobu ya kulia chini: zungusha kuweka namba, kisha bonyeza na ushikilie ili masafa ya akiba yahamie kwenye matumizi. Kidole kinaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa kugusa dirisha la masafa, lakini hewa ikichafuka nobu haikosei shabaha. Ukibonyeza mara moja tu bila kushikilia, nobu huhama kati ya redio ya mawasiliano na ile ya urambazaji. Ndiyo maana mtu hujikuta akizungusha masafa ya VOR, kituo cha redio cha urambazaji, huku akidhani anaita mnara.

Vitufe vitatu vya kushikilia vikariri kabla hujaruka:

- Home: ukishikilia, unarudi moja kwa moja kwenye ramani. Hii ndiyo njia yako ya kutoka ukipotea.
- Nobu ya sauti: ukishikilia kwa sekunde mbili, redio huenda 121.5.
- Direct-To: kama Smart Glide imewezeshwa, ukishikilia kwa sekunde mbili unaiwasha, na kifaa kinakuchagulia kiwanja cha kutua bila nguvu ya injini. Kwa matumizi ya kawaida, bonyeza kitufe hiki na kuachia mara moja. Kidole kizito kitaamsha jambo ambalo hukulitaka.

Hatua ya 4: Ingiza viwanja ambavyo havimo kwenye data

Kwa anayeruka Mara, Serengeti au Samburu, hapa ndipo makosa mabaya zaidi huzaliwa. Viwanja vingi vya vumbi havimo kwenye data ya kifaa, kwa hiyo unaviunda mwenyewe kupitia ukurasa wa Waypoint Info. Fanya kazi hii chini, usiifanye angani.

Kwanza angalia mpangilio wa latitudo na longitudo kwenye ukurasa wa mfumo. Kifaa kinaweza kuwa kimewekwa digrii, dakika na sehemu za desimali za dakika, wakati karatasi uliyopewa imeandikwa digrii, dakika na sekunde. Sekunde 45 si .450 ya dakika. Ni 45 gawa kwa 60, yaani .750. Ukiandika .450 umekosea kwa dakika 0.3, na kwa latitudo, hiyo ni maili 0.3 ya baharini, zaidi ya mita 550. Kwenye kichaka, mita 550 zinatosha kukupitisha pembeni mwa kiwanja bila kukiona. Dawa yake ni kubadili mpangilio wa kifaa ufanane na karatasi kabla ya kuandika namba ya kwanza.

Pili, kaskazini au kusini. Ikweta inapita katikati ya eneo letu: Nanyuki iko kidogo kaskazini mwake, Kisumu kidogo kusini, takriban dakika tano. Ukiandika N badala ya S kwa Kisumu, kituo kinahama kama maili kumi, na kwenye ramani ndogo bado kitaonekana kiko mahali pa kuaminika. Kosa kubwa lingejitangaza lenyewe, hili halijitangazi.

Baada ya kuhifadhi, pima kwa rula na protrekta kwenye chati ya karatasi, kutoka uwanja unaojulikana hadi kiwanja chako, halafu linganisha na umbali na mwelekeo unaotolewa na GTN. Usiruke mpaka vikubaliane.

Jambo jingine kuhusu viwanja hivi: mfumo wa maonyo ya ardhi hunyamaza karibu na uwanja unaoujua. Kiwanja ulichokiunda wewe haukitambui kama uwanja, kwa hiyo ukishuka kutua huenda ukakupigia kelele za kukutaka upande. Nyongeza ya kitabu inaeleza jinsi ya kuyazima kwa muda. Ukiyazima, yarudishe mara baada ya kupaa, na uandike hilo kwenye orodha yako ya ukaguzi. Rubani aliyezoea kupuuza sauti hiyo kila siku ataipuuza pia siku inaposema kweli.

Hatua ya 5: Ruka na mwalimu

Asubuhi, hewa ikiwa tulivu, mbali na msongamano wa Wilson. Mwalimu aangalie nje muda wote na asikusaidie kugusa. Kanuni ni miguso miwili au mitatu, kisha macho nje, kisha urudi. Ikiwa kazi inahitaji miguso kumi, igawe. Kurekebisha mpango mzima wa safari ndani ya eneo la uwanja ni uamuzi mbaya. Waombe waongozaji mwelekeo wa kuruka kwanza, au mpe mwalimu usukani.

Safari ya pili ifanyike mchana hewa ikiwa imechafuka, kwa kazi zilezile. Hapo ndipo utajua kama umeshajifunza.

Hatua ya 6: Kutua kwa vifaa

Tofautisha kupakia na kuamilisha. "Load Approach" huweka utaratibu mwishoni mwa mpango wako na ndege huendelea na njia yake. Ukichagua na "Activate", mwongozo unahamia kwenye utaratibu huo papo hapo.

Kwa ILS (mfumo wa redio wa ardhini unaokuongoza hadi barabara ya kutua), kwa mfano Mombasa, thibitisha kuwa masafa yako kwenye dirisha linalotumika, sikiliza kitambulisho chake, na uhakikishe CDI, yaani sindano ya mwelekeo, imeandika VLOC (inafuata redio ya ardhini) badala ya GPS. Sindano iliyotulia katikati huku CDI ikisoma GPS imewadanganya wengi.

Usitarajie LPV, mwongozo wa GPS wenye mteremko sahihi, kama unayoiona kwenye video za mafunzo kutoka Marekani. Huko kuna WAAS, na Ulaya kuna EGNOS, mifumo ya setilaiti inayosahihisha GPS. Huku utapata LNAV, mwongozo wa kushoto na kulia tu. Kifaa kikionyesha LNAV+V, mteremko huo ni wa ushauri tu. Kimo cha chini kilichoandikwa kwenye chati kinabaki kuwa sheria.

Hatua ya 7: Skrini ikigoma

Mwalimu afunike skrini kwa karatasi. Endelea kuruka, weka redio kwa nobu, fuata chati. Jua pia sakiti breka za GTN ziko wapi na kila moja inalisha nini, kwa sababu redio huwa na breka yake mbali na ya skrini.

Matunzo ni mepesi. Data ya urambazaji hubadilika kila siku 28. Tarehe zake zinaonekana kifaa kinapowaka, zisome kabla ya kugusa "Continue". Futa alama za vidole skrini ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini na dawa ya miwani isiyodhuru kioo chenye utando wa kuzuia mng'ao. Dawa ya madirisha yenye amonia hula utando huo. Nyunyizia kitambaa, usinyunyizie kioo.