Kutafuta na kufuatilia viota vya vitwitwi kwenye tundra ya Taimyr

Vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, wanaochokoa matope ya Mida Creek, pwani ya Kenya, mwezi Aprili, vifua vikianza kupata wekundu, wengi wao wako njiani kwenda Siberia. Yule mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, karibu wote hutaga kaskazini kabisa mwa Urusi, na rasi ya Taimyr, yenye tundra (nyanda baridi zisizo na miti), ndiyo kitovu chao. Kazi ya kuwahesabu huko ni ya Juni na Julai tu.

Fika mwanzoni mwa Juni, theluji ikiwa bado imefunika sehemu kubwa ya ardhi. Madume huimba wakiruka kwa siku chache, kisha mayai yakitimia wimbo unakatika. Ukichelewa wiki mbili utaandika kwamba ndege ni wachache, kumbe wamelalia mayai kimya. Helikopta kutoka Khatanga, makazi yaliyo upande wa kusini wa rasi, huzuiwa na ukungu, kwa hiyo beba chakula cha wiki nzima ya ziada. Panga nyakati mbili maalumu kila siku za kuwasiliana kwa simu ya setilaiti, na usitoke kambini peke yako: pwani kuna dubu weupe.

Pima kitalu cha mita 400 kwa 400, yaani hekta 16, na uweke vijiti kwenye pembe zake. Watu wawili watembee sambamba, wakiachana mita 25. Safari nane zinamaliza kitalu chote. Kabla ya kuanza, hakikisheni GPS zote (vifaa vya kuonyesha mahali mlipo) zimewekwa mfumo mmoja wa viwianishi, WGS84, na digrii za desimali. Kosa dogo la kuchanganya mifumo hugunduliwa siku mnaporudi kwenye kiota na kukuta nyasi tupu. Betri zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi.

Si kila ndege huinuka kwa namna moja. Calidris minuta, mdogo kuliko wote, hung'ang'ania kiota mpaka mguu wako uwe karibu kumgusa. Kwake burura kamba ya mita 30 juu ya nyasi, watu wawili wakiishika ncha na wa tatu akifuata nyuma akikodoa macho mahali anapochomoka. Pluvialis squatarola, yule mkubwa wa kijivu mwenye makwapa meusi, hukuona ungali mbali na kuteleza kimyakimya. Huyo mwache. Rudi nyuma, jifiche nyuma ya mwinuko, umtazame kwa darubini hadi atakaporudi kukaa. Ndege akikimbia mbele yako kama panya huku akiburura mabawa, usimfuate: anakupeleka mbali na mayai.

Kiota ni kishimo tu, kimetandikwa majani makavu, na mara nyingi kina mayai manne, ncha zote zikielekea katikati. Pima umri wa mayai kwa maji vuguvugu ndani ya chombo kinachopenya mwanga. Yai lililotagwa karibuni hulala ubavu chini, baada ya siku chache ncha nene huinuka, kufikia karibu wiki moja husimama wima chini, baadaye huelea. Ukijua kwamba vitwitwi wadogo huatamia takriban siku 20 hadi 22, utapata tarehe ya kuanguliwa. Mayai mawili yanatosha. Yakaushe, uyarudishe yalivyokuwa, na kama kuna upepo mkali au mvua, acha kabisa: kiinitete hupoa haraka.

Kinachoumiza zaidi ni kiota kilichopotea kwa sababu yetu. Skua, ndege wa baharini anayekula mayai, hujifunza kumfuata mtu, na mbweha hunusa njia. Skua akizunguka juu, pita kama hujaona kitu, uchuchumae mahali pengine pasipo na kiota. Usiweke begi karibu na mayai. Usiende na kurudi kwa njia ileile. Pita, endelea mbele. Kijiti cha alama kikae mita 10 kutoka kiotani, na mwelekeo wake uandikwe daftarini. Tembelea kila baada ya siku nne au tano, si kila siku.

Vifaranga huondoka kiotani ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo kiota kitupu si lazima kiwe msiba. Pekua matandiko kwa vidole: vipande vya ganda vya milimita 1 hadi 5 ni dalili kwamba wameanguliwa. Kama hakuna hata kimoja, na tarehe uliyopata kwa maji haijafika, andika kwamba kimeliwa.

Hesabu pia kila lemingi, yule panya wa kaskazini, unayemwona ukitembea. Lemingi wakiwa tele, mbweha huwala wao. Wakipungua ghafla, hugeukia mayai. Mwaka wa namna hiyo, anayehesabu vitwitwi Mida Creek mwezi Oktoba huwaona wazazi wengi na chipukizi wachache mno, na namba zako za Julai ndizo zitakazomweleza kwa nini.